Ulezi Ulioota kwenye Chesisi

Siku nilipokabidhi nyundo zangu pale gereji Malangali, Sumbawanga, mlinipa kiti cha plastiki, soda mbili na hotuba. Aliyehutubu alisema, "Mzee Gaudensi amenyoosha bodi miaka yote hii na hajawahi kurudishiwa gari hata moja." Mkapiga makofi. Mimi nikaikazia macho chupa ya soda kana kwamba nasoma maandishi yake. Nilipaswa kusimama palepale niseme kwamba si kweli, lakini mtu akishafunguliwa soda ya bure anakuwa mwoga. Ndiyo sababu naandika. Kwenye karatasi hakuna wa kunipigia makofi, na mtakaposoma sitakuwapo kuona nyuso zenu.

Habari za vyeo naziacha. Gereji yetu haikuwa na vyeo, ilikuwa na wenye spana na wasio na spana.

Nilianza kazi nikiwa kijana wa Chanji mwenye suruali moja, ya kazini na ya kanisani ileile. Fundi wangu alikuwa Mzee Ambokile, Mnyakyusa aliyetoka Mbeya kufuata magari akabaki hukuhuku. Siku ya kwanza hakunishikisha gari. Alinifunga macho kwa kitambaa kilichonuka thina, akanipa nyundo ndogo na mlango wa gari bovu, akaniambia nigonge kuanzia juu kushuka chini nimwambie bati linaishia wapi na puti inaanzia wapi. Puti ni ule unga laini wa kuzibia mabonde ya bodi kabla ya rangi, mnaujua. Nilikosea mara nyingi. Kila nikikosea alicheka kwa pua.

"Bati linaita, puti inaguna," alisema. "Sikiliza. Macho yako yanapenda rangi, hayo hayafai kitu. Sikio halijui rangi."

Mwezi mzima nilikuwa nagonga tu. Mama akauliza nyumbani kama ninajifunza ufundi wa magari au wa ngoma.

Kulikuwa na jambo jingine alilonitania nalo tangu siku aliyojua ukoo wetu. Babu mzaa baba alitoka katika watu waliofua chuma huku Ufipa, wale waliojenga matanuru marefu ya udongo ambayo mabaki yake bado mnayaona mkienda mashambani. Ambokile alikuwa akinikuta nimepaka puti nene ananiambia, "Wafipa mliyeyusha mawe mkatoa jembe. Wewe mjukuu wao unakoroga uji." Nilicheka naye. Utani wa mzee ni kama pilipili ya mezani, unajua itawasha na bado unaifuata.

Kazi yangu ya kwanza ya peke yangu ilikuwa Peugeot 404 ya mwalimu mmoja. Nilipiga puti kwenye ubavu uliobonyea badala ya kuunyoosha kwanza, nikapiga msasa, nikapulizia rangi nyeupe, ikapendeza kuliko bibi harusi. Mwalimu alipita nayo barabara ya matuta, enzi hizo hakuna lami, akarudi na kipande cha ubavu kwenye kiti cha abiria. Ambokile hakunigombeza. Alinipa bisibisi akaniambia nikwangue ubavu wote mpaka bati lionekane, kisha akaita wateja wote waliokuwepo waje watazame. Nilidhani siku ile ndiyo ningeaibika kuliko siku zote za maisha yangu. Sikujijua.

Ambokile alipozeeka alirudi kwao Tukuyu, na akafia huko. Aliniachia nyundo ndogo ile ya siku ya kwanza. Gereji ikawa na mimi, na mimi nikawa na jina.

Jina lenyewe lilitokana na magari ya zamani. Ilifika wakati watu wakaanza kuyapenda tena yale yaliyokuwa yamelala nyuma ya nyumba na kuku wanatagia ndani. Mtu anataka Land Rover ya marehemu baba ipelekwe harusini, mwingine anataka foksi yake ya ujana, ile Volkswagen ya mgongo wa kobe. Wakaniletea, nami nikawafufulia. Picha zikawa zinazunguka kwenye simu, gari likiwa na kutu upande huu na likiwaka kama sufuria mpya upande ule, na chini jina langu. Nikazoea. Mteja wa gari la zamani hatazami chini ya gari, anatazama kama anaweza kujiona kwenye mlango. Kidogo kidogo nikaacha kuinua mabodi. Mgongo ulikuwa unauma, huo ni ukweli, lakini mgongo haukuwa unauma wakati wa kupigwa picha.

Sasa nisikilizeni, hapa kuna somo. Land Rover ya zamani inadanganya kuliko gari lolote. Bodi yake ni aluminiamu, haipati kutu kama bati. Mkiiona imesimama mtasema nzima. Lakini chini yake kuna chesisi, yale maboriti mawili ya chuma yenye uwazi ndani yanayobeba gari zima, na hayo yanaliwa kuanzia ndani. Tope la miaka linaingia kupitia matundu, linakaa, linakunywa maji ya mvua, na chuma kinaliwa taratibu huku nje rangi nyeusi ikiwa palepale. Vivyo hivyo miguu ya nguzo za milango, nayo ni chuma na ina uwazi ndani. Pia penye chuma kilichogusana na aluminiamu na maji katikati, hapo pana ugomvi usioisha. Kwa hiyo gonga, chokoa kwa bisibisi, inua mikeka, zibua matundu ya maji. Ukiona sehemu imepakwa lami mpya kuliko jirani yake, anza na hiyo. Haya yote niliyajua. Msije mkadhani nilikosea kwa kutojua.

Gari lenyewe ninaloliandikia haya, Land Rover, lililetwa kutoka kijiji cha Chala likiwa limefungwa kamba nyuma ya lori la mahindi. Wenyewe walikuwa wawili. Mmoja alikuwa Mama Yustina, mjane wa bwana shamba aliyelinunua gari hilo serikalini lilipochakaa, akalitumia kwa kila shida ya watu wa kijiji chake, wagonjwa, wajawazito, maiti, mbegu. Mwingine alikuwa Mzee Kasiani, aliyekuwa utingo wa marehemu tangu ujana, kisha dereva. Marehemu alipofariki Kasiani alibaki na funguo, na gari lilipokufa naye akaendelea kulifagia vumbi.

Mama Yustina alipiga goti akagonganisha viganja taratibu, salamu yetu ya heshima, ingawa umri wetu ulikaribiana. "Fundi," alisema, "mwanangu Damiani anapata upadre mwisho wa mwaka. Atapewa daraja hapa mjini, kesho yake anakuja kusoma misa ya kwanza nyumbani. Nataka aingie kijijini na gari la baba yake. Nami nikae mbele, kiti changu kilekile."

Nililizunguka gari mara moja. Watu walikuwa wamejaa, lori la mahindi limesimama, vijana wameacha spana. Nikatoa nyundo ya Ambokile nikagonga chesisi sehemu mbili za mbele, zikaita vizuri. Nikasimama nikasema kwa sauti ambayo hata wauza karanga walisikia, "Mama, mifupa mizima hii. Ni nguo tu imechakaa."

Mama Yustina akapiga kigelegele. Kasiani aliinama akatazama chini nyuma, penye springi. "Fundi, huku nyuma je?" aliuliza. "Huku tulikuwa tunabeba mzigo."

"Mzee, wewe endesha," nilimjibu, "mimi nigonge."

Watu wakacheka. Kasiani naye akacheka kidogo, kwa adabu.

Juma la pili nililala chini ya gari peke yangu nikagonga nyuma, na chuma kikaguna. Nikachokoa kwa bisibisi, ikaingia, tope jekundu likamwagika na vipande vya kutu vikubwa kama maganda ya mti. Pande zote mbili, juu ya springi za nyuma. Miguu ya nguzo za milango vilevile. Dawa yake ilijulikana: kuinua bodi, kukata chuma kibovu chote, kuchomelea kipya. Kazi ya miezi, na muda ulikuwapo. Kilichokosekana ni mdomo wa kusema, "Mama, nilikosea." Nilikuwa nimeshatangaza mbele ya gereji nzima. Kasiani aliuliza nami nikamfanya kichekesho. Leo nikiandika natafuta sababu nyingine yenye heshima kidogo kuliko hiyo, na haipo. Niliona haya kusema kosa dogo, nikafanya kubwa.

Niliwatuma vijana mjini kutafuta rangi. Nikachukua gunia kuukuu kutoka stoo ya mke wangu, nikalikata vipande, nikashindilia ndani ya chesisi na ndani ya miguu ya nguzo ili puti ipate pa kushikilia. Nikafunika kwa bati la debe la mafuta ya kula, nikadonyeza kwa gesi, yaani kuchomelea nukta tu hapa na pale, puti juu, msasa, kisha lami nyeusi. Kwa macho ilikuwa kazi safi sana. Nilimkumbuka babu na matanuru yake, nikawasha redio.

Gari likatoka kijani kibichi, paa jeupe. Nchi nzima ikaliona kwenye simu. Kasiani alikuja kulichukua, akaliendesha polepole hadi Chala akiwa amevaa tai.

Lile gunia lilikuwa la ulezi. Mke wangu alikuwa akiweka humo ulezi wa kuotesha kimea cha pombe, na mnajua zile punje zilivyo ndogo, zinajificha kwenye nyuzi za gunia hata ukung'ute vipi. Kiangazi chote zikatulia. Mvua za Novemba zilipoanza, maji yakapita penye kila ufa nilioacha, gunia likalowa, na giza lile lenye joto la injini likawa kitalu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi niliumbuliwa na ulezi.

Mama Yustina alikuja gereji na basi la asubuhi, zikiwa zimebaki wiki mbili misa ifike. Alisubiri nimalize na mteja. Kisha akafungua pindo la kanga, ndani yake kulikuwa na miche ya ulezi, myembamba, rangi ya maziwa huku chini na ncha za kijani.

"Imeota chini ya mlango wa dereva, fundi," alisema. "Imepasua rangi imechungulia nje. Watu wanakuja kutazama. Wanasema gari la padre limebarikiwa, wengine wanasema mengine. Wewe unasemaje?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pangu pa kusema kweli. Alinifungulia mlango, akanishikia kabisa. Nikacheka. Nikasema, "Aa, mama, Sumbawanga yetu hii, mpaka magari yanaota! Ni mbegu tu za upepo, zimetua kwenye vumbi. Nitakuja nisafishe."

Alinitazama muda mrefu kidogo kuliko kawaida. Akafunga miche yake kwenye kanga. "Haya, baba," akasema.

Nikaenda Chala kesho yake. Nikang'oa kilichobaki, nikaongeza puti, nikapaka rangi. Kisha nikalala chini nikasukuma bisibisi kwenye chesisi nyuma. Iliingia mpaka kwenye mpini. Bati la debe lilikuwa limeachia, gunia limeoza, na chuma kilichobaki pembeni ningeweza kukivunja kwa mkono. Likipakiwa watu nyuma, likashuka ule mteremko wa kwenda kwenye daraja la mto wao, lingekatika katikati. Nikatoka chini nikajipangusa. Mama Yustina aliniletea chai na viazi vitamu. Nikala vyote, nikasema limekaa vizuri.

Kwa wiki mbili nililala vibaya, lakini sikupiga simu.

Siku ya misa nilialikwa kama mgeni wa heshima. Nilifika mapema, gari limesimama uani limepambwa kwa maua ya karatasi. Kasiani alikuwa amelala kando yake usiku kucha kulilinda watoto wasilichune. Mpango ulikuwa hivi: gari liende barabara kuu kumpokea padre, yeye na mama yake wakae mbele, kwaya na ngoma nyuma. Niliwahesabu wanakwaya. Wengi wao walikuwa wasichana wa shule. Kwa sababu macho ya Kasiani yalikuwa yameanza kufifia, ukoo ulikuwa umeamua siku hiyo aendeshe mpwa wa marehemu. Kasiani alikabidhi funguo asubuhi hiyo, akaenda kubadili shati, na kila mtu aliona lilivyomwingia.

Ningesema tu. Maneno yenyewe ni mafupi: msipande, limeoza. Nilikuwa nayo mdomoni. Badala yake nilifungua boneti kama anayetazama oili, nikafungua kifuniko cha distributa, nikatoa rota, kile kidude kidogo kinachogawa moto kwenye plagi, nikakitia mfukoni. Bila hicho gari haliwaki hata uliombee.

Halikuwaka. Mpwa akajaribu, wakajaribu hendeli, wakasukuma. Mimi nikainama kwenye injini nikijifanya natafuta. Kasiani akarudi, akanisogeza taratibu, akafungua distributa mwenyewe. Akanyoosha mgongo.

"Rota haipo," alisema. "Imetolewa."

Kisha mwanamume mmoja wa ukoo akasema, "Na nani alilala na gari?"

Mwingine akasema, "Aliyenyang'anywa funguo."

Kasiani aligeuka akanitazama mimi. Si kwa kunishuku. Alinitazama kama fundi, mtu anayejua magari, nimtetee. Rota ilikuwa inanichoma pajani. Nikasema, "Vidude hivi ni vidogo, hupotea."

Hivyo ndivyo nilivyosema. Nimeandika sentensi hiyo kama ilivyo ili msome wenyewe.

Padre Damiani aliingia kijijini kwa miguu. Mvua ilikuwa imenyesha, Mama Yustina akatembea pembeni ya mwanawe kwenye tope na viatu vipya, anaimba. Hakuna aliyekufa siku ile, wala aliyevunjika hata kidole, nami nilikuwa nimejiandaa kujifariji kwa hilo maisha yangu yote. Nilirudi Sumbawanga nikaweka rota kwenye kopo la boliti.

Habari za Kasiani zililetwa gereji na wafanyabiashara wa mahindi bila wao kujua wanamletea nani. Kwamba yule mzee ana kijicho, aliharibu siku ya padre. Kwamba halafu watu wakaongeza, kama wanavyoongeza, kuwa mtu wa kijicho namna ile ana mengine, ya kichawi. Kwamba siku hizi kwenye pombe anapewa kata yake ya kunywea pembeni, na akipitisha kata kwa mwenzake mtu anasema ameshiba. Ninyi wa kwetu mnajua maana ya kukataliwa kata. Mimi nilikuwa napiga msasa huku nasikiliza. Misimu miwili ya mvua ikapita namna hiyo.

Kisha Mama Yustina akaja tena, baada ya mavuno. Safari hii alikuwa na kifurushi cha ulezi, kama kilo mbili au tatu, safi, mwekundu.

"Huu ni wako," alisema, akauweka juu ya meza ya spana.

Nikamwambia sijamwagiza ulezi.

"Ile miche ya kwenye gari sikuitupa. Nilipanda nyuma ya jiko, ikazaa kidogo. Mwaka uliofuata nikapanda iliyozaa. Nyumbani nimebakiza mwingine kama huu." Akakaa kwenye ndoo, bila haraka. "Siku ile ulisema mbegu zimeletwa na upepo. Nikaenda nazo nyumbani nikasema fundi mkubwa, anajua. Nilipokuwa naipanda nikaona mizizi imeshikana na nyuzi za gunia. Upepo unaleta mbegu, baba. Gunia je, nalo unaleta?"

Nikaanza kupanga spana zilizokuwa zimeshapangwa.

"Sikukuuliza kwa sababu misa ilikuwa karibu na nilitaka furaha yangu," alisema. "Hilo kosa langu, nimeshaungama. Sasa sijui mambo ya magari. Niambie tu, tungefika?"

"Msingefika, mama."

"Na kile kidude?"

Nilikwenda kwenye kopo, nikamwaga boliti zote mezani, nikamwonyesha. Hakukishika. Alisogeza ndoo yake nyuma, nikajua kwamba hilo la pili hakuwa amelijua, alikuwa amelihofia tu. Nilitamani anitukane.

"Mimi ulininyima safari moja," alisema mwishowe. "Kasiani umemnyima watu. Jumapili ya wiki ijayo jumuiya yetu ya kanisa inakusanyika kwangu, nitapika pombe ya ulezi huu. Utakuja na hicho kidude, utasema mwenyewe. Usipokuja sitakusemea."

Kabla sijafika huko, niwaambie habari ya gari, nisije nikasahau. Nililileta tena Malangali baadaye, na ndiyo ile kazi ya mwisho mliyoniona nayo mkashangaa mzee anakawia. Niliinua bodi. Nilikata chesisi nyuma yote na miguu ya nguzo, nikachomelea chuma kipya chenye unene uleule, nikaacha matundu ya maji wazi, nikapaka dawa ya kutu ndani kabla ya nje. Chuma kibovu nilichokata, pamoja na gunia lililooza, kiko kwenye boksi la mbao chini ya benchi langu. Msilitupe. Mgeni akianza kazi, mfungueni macho kwa hilo kwanza, halafu ndipo mmfunge kitambaa. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, lakini lazima mtu aseme koleo limevunjika.

Jumapili ile nilivaa koti. Watu wa jumuiya walikuwa wamekaa uani kwa Mama Yustina, baada ya sala, mtungi katikati. Kasiani alikuwa ameketi karibu na zizi la mbuzi, na kati yake na mwenzake wa karibu palikuwa na nafasi ya watu watatu. Alikuwa amekonda. Aliponiona alisimama, akanipa mkono kwa furaha. "Fundi! Umetukumbuka."

Nilisimama nikasema yote. Sikusema vizuri. Nilianzia katikati, nikarudi nyuma, nikasahau gunia, Mama Yustina akanikumbusha. Nilipofika kwenye rota nikaitoa mfukoni nikaishika juu ili wote waione. Nikasema, "Kasiani hakugusa gari. Aliniuliza tangu siku ya kwanza kuhusu huku nyuma nikamcheka. Siku ya misa alinitazama nimtetee, nikasema vidude hupotea, nacho kiko mfukoni mwangu." Hakuna aliyenizomea. Yule mwanamume wa ukoo aliyeuliza nani alilala na gari alikuwa anachora chini kwa kijiti. Nilitaka mtu yeyote anipige, tumalize.

Mama Yustina alichota kata ya kwanza, akavuka uwanja wote, akampa Kasiani kwa mikono miwili.

Mnajua desturi. Anayempa mwenzake kinywaji huonja kwanza yeye, ili anayepokea ajue hakuna ubaya ndani. Misimu miwili hakuna aliyetaka kuonjewa na Kasiani. Alishika kata ile akaitazama, kisha akasimama, akatembea polepole kwa yale macho yake mabovu mpaka niliposimama mimi. Nilidhani atanimwagia. Ningeshukuru.

Alionja. Alimeza, akasubiri kidogo ili nione amemeza, akafuta ukingo wa kata kwa kidole gumba, akaninyooshea.

"Kunywa, fundi," alisema. "Haina kitu."